Siku Kumi na Moja Baharini Bila Kutoka Ugogo

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu, na jina lake lisifiwe! Wale mnaonijua mtashangaa kwamba salamu hii imetoka kwangu. Mimi ndiye yule aliyekuwa akifika ibadani wa kwanza na kuondoka wa kwanza, ili asisalimiwe na mtu. Leo nataka kueleza jinsi Mungu alivyonifungua kinywa. Alinifungulia ndani ya mashua, hapa hapa kwetu Ugogo, mahali ambapo hata ng'ombe hunywa maji kwa zamu!

Nilizaliwa Ipagala, nikakua nikichunga. Tangu utoto niliona haya kupita kiasi. Ng'ombe nilizungumza nao vizuri, lakini watu walinishinda. Mtu mzima akinisalimia, mimi nilitazama vidole vya miguu yangu kana kwamba nimeviona siku hiyo hiyo. Mama alinijibia. Nikaota ndevu, bado mama ananijibia: "Hajambo, ameshiba, anasema ahsante."

Kusoma na kuandika nilifundishwa na Mwalimu Samweli, ambaye ndiye pia aliyekuwa akitufundisha dini. Kuandika nilikupenda, maana karatasi haimtazami mtu usoni. Nilimwamini Yesu kwa moyo wote, Mungu ni shahidi. Lakini sheria ya kanisa letu ni kwamba anayetaka ubatizo asimame mbele ya watu wote, aulizwe maswali, ajibu kwa sauti. Ndugu zangu, nilisimama mara tatu! Mara ya kwanza nilinyamaza mpaka watu wakadhani naomba. Mara ya pili nilikohoa tu. Mara ya tatu nilijaribu kutokea dirishani, na dirisha la kanisa letu ni dogo. Wazee wawili walinisukuma kwa nyuma mpaka nikatoka.

Mwalimu Samweli alinifuata nje. "Mwanangu, siwezi kumbatiza mtu kwa kubahatisha. Sema 'naamini', basi. Hata kwa sauti ya panya."

Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi.

Hilo ndilo lililokuwa jiwe moyoni mwangu. Wadogo zangu walibatizwa, wakapata majina mapya. Mimi kila Jumapili nilikaa kiti cha nyuma pamoja na wale wanaotolewa nje kabla ya Meza ya Bwana, nikatoka nao, nikalia nyuma ya zizi.

Wakati huo reli ya Wadachi ilikuwa imefika Dodoma. Katika karakana ya reli alikuwepo mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Mashua, kwa sababu kila baada ya kazi alikuwa anajenga mashua. Alitaka kuizunguka dunia yote kwa tanga, peke yake. Mashua ilipokwisha, ilikuwa nzuri kweli: ndefu kama nyumba ya tembe, ina mlingoti, nanga, usukani, na chumba kidogo ndani chenye kitanda chembamba. Kilichokosekana ni bahari.

Ilipaswa ipakiwe kwenye behewa ishuke pwani. Lakini mwenye mabehewa alikuwa mkubwa wake, aliyeitwa Bwana Reli, naye alikataa. Bwana Mashua alikuwa msemaji, ndugu zangu! Aliongea na mafundi, aliongea na mpishi, aliongea na punda. Bwana Reli akamwambia, "Wewe huwezi kukaa peke yako hata kwenye baraza jioni moja. Utakaaje peke yako baharini mwaka mzima? Kaa ndani ya mashua hiyo siku arobaini, usikanyage nchi, usiongee na mtu. Ukiweza, behewa ni lako."

Bwana Mashua akakubali. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama chuma, na mashua yenye mkuku, ule uti mrefu wa chini, haisimami juu yake. Basi akaona lile korongo linalopita kati ya kwetu na mji, lenye mchanga laini, akaamuru mashua ivutwe mpaka katikati, mkuku ufukiwe mchangani. Nanga nayo akaichimbia. Wazee walikwenda kumtazama mtu anayefunga kitu kisichokwenda popote.

Mzee mmoja akamwambia, "Bwana, huu ni mto."

Akacheka. "Mto gani usio na maji?"

"Maji yapo safarini."

Hakusikia. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mchungaji yeyote wa huku anajua kwamba korongo hushusha maji hata kama kwako hakujanyesha tone. Nilitaka kusema. Sikusema.

Alihitaji mtu wa kufukuza ng'ombe, maana walipenda kulamba rangi ya mashua. Akauliza yuko wapi mtu asiyeongea, asije akamharibia upweke wake. Kijiji kizima kikanyoosha kidole kwangu. Ndivyo nilivyopata kazi kwa sababu ya ugonjwa wangu!

Siku ya kwanza Bwana Mashua hakusema neno. Siku ya pili alinisalimia. Kuanzia siku ya tatu alinihadithia maisha yake yote, tangu mama yake alipomnyonyesha, nami nilikaa mchangani nikisikiliza, kwa sababu sikuweza kumwambia anyamaze. Siku ya ishirini na tisa alikuwa amefika mwisho wa hadithi, na mwisho wa nguvu. Alinitazama kama mfungwa anavyotazama mlango.

"Wewe unajua kuandika?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kesho utavaa kofia yangu na koti langu, utakaa humu. Mimi nitakwenda porini kuwinda kanga. Bwana Reli hutazama kwa darubini kila alasiri kutoka kule kituoni. Akiona kofia inasogea, ataridhika. Jioni nitarudi kulala. Utaandika katika kitabu cha safari: upepo, mawimbi, na viumbe utakaowaona. Nitatafsiri baadaye. Unakubali?"

Nilijua ni uongo. Nilitaka kusema hapana. Neno halikutoka, naye akadhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Tazameni, ndugu zangu, jinsi haya yangu ilivyonipeleka dhambini! Mtu mwingine huingia dhambini kwa kuongea. Mimi niliingia kimya kimya, nikiwa nimevaa kofia.

Ndivyo nilivyokuwa nahodha. Nitawaambia maisha ya mle ndani yalivyokuwa, maana wengi mmeniuliza.

Kwanza, joto. Kitanda kilikuwa chembamba hata nikigeuka nilidondoka, na nikidondoka niligonga kichwa kwenye ndoano ya taa. Chakula kilikuwa biskuti ngumu za kuvunjwa kwa nyundo, na samaki wa kopo. Nilifungua kopo moja, nikanusa, nikadhani kwamba Bwana Mashua ameuziwa kitu kilichooza. Nikamtupia mbwa wa jirani. Alinusa, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Kuna chombo kinaitwa dira, kina sindano inayoonyesha njia. Yetu siku zote kumi na moja ilionyesha zizi la baba yangu. Nikaona ni chombo chema, kinajua kwetu.

Kitabu cha safari nilikiandika kwa uangalifu. Kwa kuvaa kofia nilikuwa nimedanganya, lakini kalamu yangu ilikataa kudanganya. Nilikuwa sijaiona bahari, ningeandikaje habari zake? Niliandika nilichokiona:

"Siku ya thelathini. Hakuna mawimbi. Mbuzi watatu wamepita upande wa kulia."

"Siku ya thelathini na mbili. Upepo mkali. Bahari imeingia machoni."

"Siku ya thelathini na tano. Ng'ombe wa baba amelamba chombo. Nimemfukuza kwa mluzi."

Karibu na mashua kulikuwa na visima vya mchangani ambavyo wanawake huchimba wakati wa kiangazi. Kila siku walikuja na vibuyu vyao, na shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mmoja wao. Huyu shangazi hana haya hata kidogo. Nadhani yeye alipewa kinywa chake na changu pia. Siku yangu ya pili nilikuwa nimeketi ukingoni mwa mashua, miguu inaning'inia nje. Akainua uso akatoka kisimani kwa kishindo.

"Jamani njooni muone! Mzungu gani huyu ana magaga ya ukoo wetu?"

Nikavuta miguu ndani. Nilikuwa nimechelewa.

"Nahodha, leo umefika wapi?" akauliza mwingine.

"Hajatoka hata hapo," akasema shangazi. "Anamsubiri mama yake aje amjibie!"

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Tangu siku hiyo kila walipokuja waliniuliza habari za Ulaya, bei ya nguo huko, na kama nimepata mchumba. Mimi nilishusha kofia mpaka puani. Lakini ndani ya moyo niliumia. Nilisema, Bwana, mimi siwezi kujibu maswali ya ubatizo, siwezi kumkatalia mzungu uongo wake, siwezi hata kumwambia shangazi yangu aniache. Umeniumba mtu au umeniumba gogo?

Siku ya arobaini ikafika. Jioni hiyo Bwana Reli angekuja kumtoa Bwana Mashua kwa heshima. Alasiri nilikuwa nimesimama kando ya mlingoti. Jua kali, anga letu jeupe. Lakini mbali, upande wa milimani, niliona weusi. Kisha nikasikia mngurumo. Nilidhani ni gari la moshi. Nikageuka kutazama reli: hapakuwa na moshi.

Nikatazama upande wa juu wa korongo, nikaona povu la kahawia, refu kama mtu, likizunguka kona na miti mdomoni.

Ndugu zangu! Shangazi alikuwa ndani ya kisima, kichwa chini, na wenzake watatu pamoja naye. Huko chini hawakuweza kuona wala kusikia. Mimi peke yangu ndiye niliyeona, kwa kuwa nilikuwa juu. Nikafungua mdomo, ikatoka ile pumzi ya siku zote. Nikafungua tena, pumzi. Nikalia, "Yesu, nipe neno moja tu, mengine yote kaa nayo!"

"MAJI!"

Sauti ilitoka, ndugu zangu! Ilikuwa kubwa na mbaya, kama ya fahali. Mimi mwenyewe niligeuka kutazama ni nani aliyepiga kelele. Shangazi alitoka kisimani akiwa amekwisha kufungua mdomo kunitania, akaona nyuma yangu, akaacha kibuyu. Wakapanda ukingo wote wanne. Sifa kwa Mungu, hakupotea hata mmoja!

Mimi nilibaki. Maji yaliipiga mashua ubavuni, yakaing'oa na nanga yake, nikaanza safari. Nilikwenda kinyumenyume. Nililala kifudifudi nikakumbatia mlingoti kwa mikono na miguu. Watu wakatoka majumbani wakakimbia kandokando ya korongo, na wanafunzi wakatoka darasani, na mbele yao alikuwa Mwalimu Samweli, kanzu imekunjwa mkononi. Aliona nakwenda kufa, tena bila ubatizo. Basi akafanya alichoweza kufanya akiwa mbioni.

"Mwanangu!" aliita. "Unamwamini Mungu Baba Mwenyezi?"

"NAMWAMINI!"

Alijikwaa kwa mshangao, akainuka. "Na Yesu Kristo, Mwanawe wa pekee?"

"NAMWAMINI!"

"Na Roho Mtakatifu?"

"NAMWAMINI, MWALIMU, NAZAMA!"

"Usiruke swali! Unamkataa Ibilisi?"

"NAMKATAA!"

"Na kazi zake zote?"

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimevaa kofia ya mtu mwingine. Na kule mbele, juu ya ukingo, nilimwona Bwana Reli amesimama na darubini yake, na upande wa pili Bwana Mashua anatoka kichakani, kanga wawili begani. Nikisema kweli mbele ya Bwana Reli, nilijua hukumu ya Wadachi kwa mtumishi mwongo: viboko ishirini na tano. Nikinyamaza, Mwalimu angesema nimeshindwa mara ya nne, na huenda hakuna ya tano. Mashua ilikuwa inanipitisha mbele yao. Nafasi ilikuwa ndogo sana.

"KUNA MOJA BADO NAIFANYA!" nikalia. "MIMI SI BWANA MASHUA! SIKU KUMI NA MOJA HUMU NI MIMI! NIMEDANGANYA, NISAMEHENI!"

Kisha kijiji kizima kikajibu kwa sauti moja, "TUNAJUA!"

Kumbe shangazi alikuwa amemwambia kila mtu mpaka Chang'ombe. Aliyekuwa hajui ni Bwana Reli peke yake. Alishusha darubini, akamtazama Bwana Mashua, akawatazama wale kanga.

"Basi, unazikataa?" Mwalimu alikuwa bado anakimbia.

"NAZIKATAA ZOTE!"

Mashua ilipanda nje ya korongo kwenye kona, ikakwama katikati ya shamba la Mwalimu Samweli mwenyewe. Wachungaji walinirushia kamba ya ngozi, wakanivuta. Shangazi alinikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena.

Bwana Reli akaja na kile kitabu cha safari kilichokuwa kimelowa. Watu walirudi nyuma. "Nani ameandika haya?"

Mama akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi, Bwana."

Alijua Kiswahili. Akasoma habari za mbuzi. Akasoma habari za bahari kuingia machoni. Alipofika kwa ng'ombe wa baba, masharubu yake yalianza kutetemeka, nami nikajiandaa kwa viboko. Akaketi kwenye matope, akacheka mpaka akatoa machozi. Akasema hiki ndicho kitabu cha kwanza cha safari alichokisoma kisicho na uongo. Adhabu yangu ikawa kuchimbua mashua matopeni, pamoja na Bwana Mashua. Tulichimba majuma mawili, haikutoka. Kazini aliniambia kwamba hataizunguka tena dunia, kwa kuwa katika siku zile ishirini na tisa alikuwa amegundua kwamba anapenda sana watu. Akaendelea kuniambia hilo majuma mawili. Mpaka leo kuku wa Mwalimu hutaga chumbani mle.

Lakini mnadhani mambo yaliishia hapo? Wazee wa kanisa waliketi. Mmoja akauliza kama maswali yale yanahesabiwa, kwa kuwa sheria inasema anayejibu awe amesimama.

"Alikuwa amesimama?"

"Hapana, alilala."

"Basi ajibu tena, nchi kavu."

Niliposikia nchi kavu, jasho likanitoka. Kulia mbele ya mauti kila mtu anaweza, nilijisemea. Je, mbele ya watu wanaokaa kimya wakinitazama?

Jumapili nikasimama. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, watu wamekuja kusikia sauti ya fahali. Mwalimu akauliza swali la kwanza. Pumzi ikaja ile ile. Nikamwona mama amefumba macho, midomo inacheza, anataka kunijibia. Nikakumbuka kwamba nilikwisha kuomba neno moja, na nilipewa.

"Namwamini," nikasema.

Haikuwa sauti kubwa. Waliokuwa nyuma waliuliza, "Amesemaje?" na wa mbele wakawaambia. Lakini ilikuwa yangu, na niliisema nikiwa nimesimama, tena macho yangu hayakuwa kwenye vidole vya miguu. Nikajibu yote mpaka la mwisho.

Ikabaki jina. Mwalimu akatabasamu akasema kanisa limekwisha kunichagulia, nitaitwa Nuhu. Mzee mwingine akasema la, Yona. Wakaanza kubishana, Nuhu, Yona, Nuhu, huku watu wanacheka. Zamani ningekubali lolote.

"Samahani, wazee wangu," nikasema. "Mimi nataka Ibrahimu."

Wakanigeukia wote. "Kwa nini Ibrahimu?"

"Alikuwa na ng'ombe, akakaa hemani. Na katika Maandiko yote sijaona mahali alipopanda chombo."

Nikabatizwa Ibrahimu, kwa maji ya kibakuli, nami niliyaona yanatosha kabisa.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu, aliyenisikia nilipokuwa sisikiki. Na wewe uliyekaa kiti cha nyuma leo, uliyekuja mapema ili usisalimiwe: nakuona, naijua njia yako ya dirishani. Usingoje maji yakukute. Mwombe Yesu neno moja tu. Ukilipata, njoo mbele, hata kwa sauti ya panya. Mimi nitasimama karibu nawe, na wale wa nyuma wakiuliza umesemaje, nitawaambia.